Samaki hakui, anahema juu, anakufa hovyo: anzia kwenye tenki kabla ya kulaumu chakula

Ukienda kununua samaki wa mapambo, iwe Dar, Mombasa au Nairobi, kuna sentensi utaambiwa hata kama hujauliza: "huyu usiogope, anakua kulingana na tenki lako." Muuzaji anaisema kwa upole kabisa na mtu anaondoka na goldifishi watatu na bakuli la kioo la lita 5 akijua mambo yameisha. Miezi kadhaa baadae anaanza kuuliza mbona hawakui, mbona wanahema juu, mbona mmoja kapinda mgongo, na kila swali analiuliza kivyake kama vile ni matatizo matatu tofauti. Ukichimba unakuta mara nyingi ni tatizo moja tu, maji ni machache kwa samaki aliyemo.

Tuweke sawa hili kwanza. Samaki wengi wanaendelea kukua karibu maisha yao yote, kasi inapungua tu wakizeeka. Kioo hakina njia ya kumwambia samaki "ishia hapa". Kinachomfanya abaki mdogo ni uchafu wake mwenyewe unaojaa kwenye maji machache, yani amedumaa, na samaki aliyedumaa ni mgonjwa hata kama anaogelea na anakula vizuri.

Kitu cha kufanya hata kabla hujasoma dalili yoyote hapa chini: jua lita zako. Chukua futi kamba, pima urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, zidisha vyote vitatu halafu gawa kwa 1000. Tenki la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, na ukitoa mchanga na mawe haifiki hata hapo. La 120 kwa 45 kwa 50 ni lita 270. Watu wengi sana wana tenki wanaloliita "kubwa" na hawajawahi kulipima.

DALILI YA KWANZA: "Ana miezi kibao yuko vile vile"

Hili ndo linaongoza. Na karibu kila mtu anakimbilia kubadilisha chakula, wakati chakula kwenye orodha ya sababu kiko huko chini.

Sababu namba moja ni maji yaliyochakaa. Samaki anatoa amonia, nyingi inatokea kwenye matamvua na sio kwenye kinyesi kama watu wanavyodhani, bakteria wazuri waliopo kwenye filta na mchanga wanaigeuza kuwa nitriti, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kali, nitrati ni ya taratibu, lakini nitrati haiendi popote, inajaa tu mpaka wewe uitoe kwa kubadilisha maji (mimea hai inapunguza kidogo). Kwahiyo maji yanaweza kuwa meupe pee na bado yakawa yamechoka, macho hayaoni nitrati. Anza kujiuliza swali rahisi, mara ya mwisho kubadilisha maji ni lini? Kama jibu ni "naongezea tu yakipungua" umeshapata ugonjwa, maana yanayopungua yanakwenda kama mvuke na uchafu wote unabaki ndani. Kama una vipimo vya maji, amonia isome sifuri, nitriti sifuri, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Kama hauna vipimo, chota maji kwenye glasi weka mbele ya karatasi nyeupe, yakiwa na umanjano au yananuka kama bwawa, usisubiri kipimo. Dawa yake ni kutoa robo ya maji kila wiki na kurudisha mapya, na kuvuta uchafu wa chini kwa mpira. Robo. Sio yote, nitaeleza chini kwanini.

Sababu ya pili ni msongamano. Waliowahi kufuga sato au perege kwenye bwawa hili wanalijua bila kufundishwa: perege wakiachwa madume na majike pamoja wanazaliana mapema wakiwa wadogo, bwawa linajaa vifaranga, na siku ya kuvuna unatoa samaki wengi wa saizi ya kiganja ambao hakuna mtu atanunua. Hakuna mfugaji pale anayesema "wamekua kulingana na bwawa", anajua wamedumaa na amepata hasara. Ndo maana watu wanafuga madume matupu. Sasa huyo huyo mtu akiingia sebuleni kwake anaamini goldifishi ana sheria nyingine.

Hapa pia ndo inapoingia ile kanuni ya "sentimita moja ya samaki kwa lita moja au mbili za maji" ambayo imezunguka sana. Ina shida kubwa. Urefu ukizidishwa mara mbili, uzito unazidi kama mara nane, maana samaki anaongezeka urefu, upana na unene kwa pamoja. Chukua neoni tetra kumi wa sentimita 3 kila mmoja, jumla sentimita 30. Chukua oska mmoja, samaki wa mapambo mkubwa, wa sentimita 30. Kwa kanuni hiyo wako sawa, kwa uzito oska ni zaidi ya mara mia ya wale kumi wote wakiwekwa pamoja, na anakula na kuchafua kwa uzito wake sio kwa urefu wake. Kanuni hiyo itumie kwa visamaki vidogo tu kama gapi na tetra, kwa hao wengine isahau.

Sababu ya tatu inachekesha lakini ipo: samaki ameshamaliza kukua. Gapi dume anaishia sentimita 3 hivi, jike ndo anafika 5 au 6. Neoni tetra anaishia 3 na nusu, beta 6 au 7. Mtu ana madume ya gapi anasubiri yawe kama kambale. Tafuta jina la spishi yako na saizi yake ya mwisho, kama amefika muache apumzike.

Ya nne, baridi. Hii ni ya watu wa Nairobi, Arusha, Mbeya, Njombe. Mwezi wa 6 na wa 7 maji ya tenki yanashuka hata chini ya 20 usiku, na samaki wa joto kama oska, moli na beta kwenye digrii 18 hawezi kula vizuri, hasagi chakula, hakui. Weka themomita ya shilingi chache asubuhi na mapema kabla jua halijapiga dirishani, usipime saa nane mchana ukajidanganya. Hita yenye wati moja hivi kwa kila lita inatosha nyumba nyingi, wanaohitaji joto waweke 25 au 26. Dar na Mombasa ni kinyume, maji yanakaa 28 mpaka 30 na zaidi, hapo wanaoumia ni goldifishi ambao asili yao ni maji ya baridi kidogo, wanapenda 18 mpaka 23.

Chakula ni cha tano. Angalia kopo limefunguliwa lini, vitamini zinapotea kopo likikaa wazi mwaka mzima karibu na jiko. Samaki mkubwa mla nyama hawezi kukua kwa zile chenga nyepesi za goldifishi. Mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili tatu. Ukizidisha unarudi kule kule kwenye sababu namba moja.

Mwisho kabisa minyoo na magonjwa ya ndani: anakula lakini tumbo limeingia ndani, kinyesi cheupe kama uzi. Hapo usianze kumwaga dawa za binadamu kwenye tenki, watu wanavunja vidonge vya antibayotiki humo ndani na kinachokufa kwanza ni wale bakteria wa filta. Tafuta daktari wa mifugo anayeelewa samaki, au afisa uvuvi wa wilaya, yeye kazi yake ni pamoja na samaki wa kufugwa na wengi wanasaidia ukiwaeleza vizuri.

Sasa swali linalofuata siku zote, aliyedumaa anaweza kukua tena? Mdogo, ndio. Samaki wachanga wakitolewa kwenye shida wakapata maji mazuri na chakula wanaweza kukua kwa kasi kuliko kawaida wakafidia. Aliyekaa kwenye bakuli miaka mitatu atapata afya lakini usitegemee arudishe saizi yote. Na kuna uzushi mwingine wa upande wa pili, kwamba mwili unasimama halafu viungo vya ndani vinaendelea kukua mpaka vinampasua. Hiyo nayo sio kweli, ni hadithi ya kutishia watu ili wanunue tenki kubwa. Samaki aliyedumaa anakufa mapema kwa sababu ya sumu ya muda mrefu na kinga kushuka, hana haja ya kupasuka.

DALILI YA PILI: "Wote wako juu wanahema"

Hii ni dharura, fanya kwanza halafu soma baadae. Toa theluthi ya maji, weka mapya yenye joto linalokaribiana na yale yaliyotoka na yasiyo na klorini, washa pampu ya hewa. Acha kulisha leo na kesho.

Sababu ya kawaida kabisa ni amonia au nitriti, hasa kama tenki lina chini ya miezi miwili. Wale bakteria wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa, mtu ananunua tenki jumamosi anaweka samaki kumi jumapili, wiki ya kwanza raha tupu, wiki ya pili vifo. Samaki hawakuwa wabovu, tenki ndo lilikuwa halijakomaa. Nitriti yenyewe inaingia kwenye damu inaizuia kubeba oksijeni, ndo maana anahema hata kama mapovu yamejaa kila kona. Hapo chumvi ya kawaida, gramu moja kwa lita, inasaidia kuzuia nitriti isiingie kwenye matamvua wakati unaendelea kubadilisha maji, ila kama una korido au kambale wengine wasio na magamba nenda taratibu na chumvi. Kama tenki ni la zamani na limeanza ghafla, uliza nani aliosha filta na maji ya bomba. Klorini inaua bakteria wote halafu unaanza upya kama tenki la jana. Sponji ya filta unaikamua kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tenki hilo hilo, basi.

Sababu ya pili ni joto na umbo la tenki. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, kwenye digrii 20 ni kama miligramu 9 kwa lita, kwenye 30 yanashuka mpaka 7 na nusu hivi, na muda huo huo samaki anahitaji oksijeni zaidi maana mwili wake unakimbia. Oksijeni inaingia kupitia uso wa maji. Kwahiyo lile tenki refu jembamba la kwenda juu na lile bakuli linalobana mdomoni, hata kama lita ni nyingi, hewa ni ndogo. Bakuli la mviringo ukilijaza maji mpaka shingoni unapunguza uso wa maji, watu wanajaza wakidhani wanamsaidia.

Ya tatu, umeme. Ukikatika usiku masaa sita kwenye tenki lililojaa samaki, asubuhi unaokota. Pampu ndogo ya betri sio bei kubwa. Huna? Chota maji na jagi uyamimine kutoka juu kila baada ya muda, inachosha ila inafanya kazi.

Kama umefanya yote, vipimo viko sifuri, hewa ipo, na bado wanahema, upande mmoja wa matamvua umefunga au wanajisugua kwenye mawe, hao huenda ni wadudu wa matamvua na dawa yake inahitaji kipimo sahihi. Hapo ita mtaalamu.

DALILI YA TATU: "Nilibadilisha maji yote yakawa safi kabisa, jioni wamekufa"

Inauma kwa sababu mtu alikuwa anafanya wema. Kuna mambo mawili hapa na la kwanza ni rahisi, klorini. Maji ya bomba yakae ndoo wazi masaa 24 na hewa ikipita, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima hayana klorini ila visima vingi vya Dar vina chumvi, na yakitoka ardhini moja kwa moja yana oksijeni kidogo, nayo yaache yakae yapate hewa.

La pili ndo watu hawalijui. Tenki dogo lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji linakuwa na asidi, maana kazi ya wale bakteria inakula alkali ya maji na pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) inashuka taratibu, hata chini ya 6. Ikishuka hivo bakteria wenyewe wanazubaa, amonia inaanza kujaa, lakini kwenye asidi amonia karibu yote inakaa kwenye hali isiyo na sumu kali. Samaki anaishi. Sasa wewe unakuja na maji mapya ya pH 8. Kwenye digrii 25, maji ya pH 7 amonia yenye sumu haifiki asilimia 1 ya iliyopo, pH 8 inakuwa kama asilimia 5, pH 9 ni zaidi ya theluthi. Yani ukibadilisha sehemu kubwa halafu amonia ya zamani ikabaki humo hata kidogo, umeiamsha. Mshtuko wa pH wenyewe pia unatosha kumuua.

Kama tenki lako halijabadilishwa maji miezi mingi, usilisafishe lote leo hata kama linatia aibu wageni wanakuja. Asilimia 10 leo, 10 keshokutwa, endelea hivo wiki mbili, ndo uje kwenye robo kwa wiki. Hii hesabu ya pH ndo inafanya samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ya asili yana pH karibu 9, wasiwe na msamaha hata kidogo na amonia. Mtu wa Kigoma anayefuga hao kwenye tenki dogo lililojaa anacheza na moto.

DALILI YA NNE: "Kichwa na macho makubwa, mwili mdogo" au "mgongo umepinda"

Macho makubwa mwili mdogo ni alama ya kudumaa, jicho halijakua sana, mwili ndo umebaki nyuma. Rudi dalili ya kwanza.

Mgongo kupinda kuna sababu zaidi. Kwa gapi mara nyingi ni kuzaliana ndugu kwa ndugu vizazi na vizazi ndani ya tenki moja, na gapi jike anazaa karibu kila mwezi kwahiyo vizazi vinakwenda haraka. Ikianza kwa vifaranga mara nyingi ni urithi, usiwazalishe hao. Ikija ukubwani, fikiria chakula kisicho na vitamini C, au maji mabaya ya muda mrefu.

Lakini kama amepinda ukubwani, amekonda, ana vidonda visivyopona, na anayefuata naye anaanza hivo hivo, SIMAMA. Inaweza kuwa kifua kikuu cha samaki. Bakteria wake wanaweza kumuingia binadamu kupitia mchubuko wa mkono na kufanya uvimbe au kidonda kinachokaa miezi. Usitie mkono wenye jeraha, vaa glavu, usivute maji kwa mdomo kwenye mpira, na ukiona kidonda mkononi kisichopona mwambie daktari wa binadamu kwamba unafuga samaki, usipomwambia anaweza asifikirie kabisa.

DALILI YA TANO: "Wanagombana, mmoja anawamaliza wenzie"

Kwa kifupi, nafasi au spishi. Oska wawili kwenye lita 100 watagombana tu, beta madume wawili hata kwenye lita 500 usijaribu. Mbuna, wale samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, ndo wana kituko chao, ukiweka watatu mmoja anakuwa mbabe anawaua wengine, ukiweka kundi kubwa ubabe unagawanyika hakuna anayeonewa peke yake. Mtu akisikia hivo anajaza mbuna ishirini kwenye lita 100, hapana, ujanja huo unataka tenki la lita 250 kwenda juu, filta yenye nguvu na mawe mengi ya kujificha. Unanunua amani kwa kazi ya kubadilisha maji.

Mwenye tenki dogo anayetaka samaki wa maziwa yetu kuna wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, hawafiki hata sentimita 5, lita 54 zinawatosha ukoo mzima. Sijui kwanini wauzaji hawawapigii debe, wanakimbilia kuuza shaki, huyo nitamweleza hapo chini.

DALILI YA SITA: "Amekuwa mkubwa, hageuki kwenye tenki"

Hapa ndo ule uongo wa "anakua kulingana na tenki" unajifia wenyewe, maana ukitunza maji vizuri samaki anakua mpaka tenki linashindwa.

Wanaoleta kesi hizi ni wale wale. Pleko, yule anayeuzwa wa sentimita 5 kama "msafisha kioo", anafika 40 na zaidi, na kinyesi anachotoa ni kingi kuliko uchafu anaosafisha. Oska anafika 20 ndani ya mwaka, anaishia 30 au zaidi. Goldifishi wa kawaida mwenye mwili mrefu ni 30, wale wa duara wenye mikia ya kufurika ni 15 mpaka 20. Koi 60 na kuendelea, huyo ni wa bwawa sio wa sebule. Arowana wa fedha 90. Shaki, yule wa kijivu mwenye pezi kama la papa, ni pangasi, ndo yule yule anayefugwa Vietnam kwa ajili ya kuliwa, anaweza kupita mita moja na ni muoga, akishtuka anajigonga kioo mpaka anapasuka pua. Muuzaji anajua hayo, mara nyingi.

Na umri je. Goldifishi anayekufa mwaka mmoja watu wanaona ni kawaida, "samaki hawa hawaishi". Wanaishi miaka 10, 20. Kule Uingereza kuna mmoja aliyeitwa Tish alitolewa kama zawadi ya mchezo kwenye maonyesho mwaka 1956 akafa mwaka 1999.

Unafanya nini sasa. Kwanza angalia kama anageuka bila kukunja mwili, upana wa tenki ndo muhimu hapa kuliko kimo, samaki wa sentimita 30 kwenye tenki lenye upana wa 30 amefungwa. Kama hageuki, kuongeza filta hakusaidii, anahitaji nafasi. Njia ya bei nafuu kuliko kioo ni bwawa la turubai au simtanki lililokatwa uani, weka kivuli na wavu wa kuzuia paka na ndege. Au mrudishe dukani, au mpe mtu mwenye bwawa lililojifunga. Pleko na pangasi wanalika, sisemi zaidi.

Usimpeleke mtoni wala ziwani. Hili sio la kubembelezana. Mwezi wa 7 mwaka 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota, Marekani ulitoa picha za goldifishi wakubwa waliovuliwa ziwani, ukiomba watu waache kuwaachia humo, na hao asili yao ni vibakuli vya watu. Pleko wameshavamia mito ya Mexico na Ufilipino. Sisi wenyewe tuna Ziwa Victoria, sangara aliingizwa miaka ya 1950 na furu, samaki wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi wakapotea, na gugu maji linaloziba mialo lilianza safari yake kama ua la mapambo.

DALILI YA SABA: "Nimeongeza tenki, sasa kuna maji sakafuni"

Futa, subiri nusu saa, angalia tena. Mara nyingi ni mrija wa pampu ya hewa unarudisha maji, maana pampu imekaa chini ya usawa wa maji na umeme ulikatika. Ipandishe juu au weka valvu ndogo ya kuzuia. Au ni mapovu yanarusha, au jasho la kioo asubuhi ya baridi.

Kama ni kona ya silikoni inalia tone tone, usipake silikoni kwa nje ukategemea ishike, haitashika. Toa maji mpaka chini ya palipovuja, hamisha samaki kwenye beseni lenye maji ya tenki hilo hilo na pampu, ita fundi anayejua kutengeneza matenki, sio kila fundi wa madirisha. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya ukungu, iachwe ikauke siku kadhaa.

Uzito pia. Lita 270 za maji ni kilo 270, bado kioo, mawe na meza yenyewe, unazidi kilo 350 hapo. Ghorofani ukiwa na sakafu ya mbao au nyumba ya kupanga usiyojua nondo zake, muulize mtu wa ujenzi kabla hujajaza, na meza isipokuwa sawa kabisa kioo kinabeba mzigo upande mmoja kinapasuka. Weka pima maji juu yake.

Na kwenye umeme hakuna kujaribu. Ukitia mkono ukahisi kichomi kidogo, usiguse tena, chomoa kila kitu ukutani kwa mikono mikavu, mara nyingi ni hita iliyopasuka au waya wa pampu uliochubuka. Hita unaichomoa dakika 15 kabla ya kutoa maji, ikiwaka nje ya maji inapasuka. Waya zote zishuke chini ya soketi kwanza halafu ndo zipande, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya mpaka kwenye soketi. Kama mshtuko unaendelea hata baada ya kubadilisha hita, tatizo linaweza kuwa kwenye nyaya za nyumba, hapo unaita fundi umeme na tenki linabaki limechomolewa mpaka amalize, samaki watavumilia kwa pampu ya betri.